Maswali yenu kuhusu baridi yabisi: "Aliniambia mikono yangu iko sawa"

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, nami nimechagua tano. Zote zinahusu baridi yabisi, ule ugonjwa ambao hospitalini huitwa rumatoidi athraitisi: kinga ya mwili inageuka na kushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo, na mara nyingi huanza na vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Kwa wanaoniandikia mara ya kwanza: mimi ni mtaalamu wa tiba ya shughuli katika hospitali ya umma hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Mnaniita daktari, lakini dawa siandiki. Kazi yangu ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, kama kufunga vifungo, kusonga ugali, kushona au kupanda matatu.

Naanza na barua fupi kuliko zote kwa sababu haiwezi kungoja.

Nina baridi yabisi mwaka wa kumi na mbili sasa. Tangu Februari, nikiinamisha kichwa nasikia kama umeme unashuka mgongoni hadi mikononi, na vidole vinakufa ganzi. Kuna jamaa hapa mtaani anayekanda na kunyoosha shingo, watu wanamsifu sana. Niende kwake? (Msomaji, Githurai)

Usiende. Hata kama amewasaidia wengine mia, wewe usiende.

Ugonjwa huu ukikaa miaka mingi huweza kulegeza kano zinazoshika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Pingili hizo zikianza kucheza, ugwe wa neva unaopita katikati yake hubanwa kila unapoinama, na huo umeme unaousikia unaweza kuwa ndio ugwe unalalamika. Shingo ya namna hiyo ikivutwa au kugeuzwa kwa nguvu, madhara yake hayarudi nyuma. Nenda kliniki wiki hii, eleza maneno yale yale uliyoniandikia, na uombe eksirei ya shingo ipigwe mara mbili: ukiwa umeinama na ukiwa umeinua uso. Picha moja ya shingo iliyonyooka inaweza isionyeshe kitu. Miguu ikianza kulegea, au mkojo ukabadilika, usingoje kliniki. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Na kama kuna upasuaji wowote mbele yako, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, mwambie anayekulaza usingizi kuhusu shingo kabla hajakugusa.

Hujambo daktari. Nina miaka 43, nauza mboga Kawangware. Huu ni mwaka wa tatu na baridi yabisi, kliniki naenda, dawa nameza. Zamani niliamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Marigiti. Siku hizi naamka saa nane usiku kwa sababu vidole vinachukua saa mbili kulegea. Bomba la ploti siwezi kulifungua, jirani ndiye hunifungulia. Binti yangu wa kidato cha tatu hunifunga vifungo vya sweta. Pakiti ya sukari ikiwa rafu ya juu naitazama tu mpaka atoke shule. Nikikata sukuma wiki wateja wanachoka kungoja, wanaenda kwa mwingine. Chama chetu cha kuchangiana pesa nimeacha, maana tunakutana ghorofa ya nne na pesa za sarafu zinanidondoka mbele ya watu. Nilienda kupimwa ili nipate kadi ya watu wenye ulemavu. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Aliyenipima aliniambia nikunje ngumi, nikakunja. Akasema, "Mama, mikono yako iko sawa, na kalamu umeshika." Nikarudi nyumbani. Je, huu si ulemavu? Unapimwa na nini? (Mama Mboga, Kawangware)

Dada yangu, ngumi uliyokunja saa tano na nusu ni ya mikono iliyoamka saa nane usiku. Kufikia hapo ulikuwa umeilegeza kwa saa tisa na nusu. Aliyekupima aliona alichokiona, lakini alikiona katika saa ambayo ugonjwa huu hujificha.

Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Fundi wa nguo alikuja adhuhuri, nikamwambia kunja, kunjua, gusa kila kidole kwa gumba. Alifanya vyote. Nikaandika "anajiweza". Miezi mitano baadaye alirudi na mkasi wake wa kazi kwenye mkoba, ule mweusi mzito wa chuma, pamoja na kipande cha kitenge. Hakusema neno. Aliweka kitenge mezani akaanza kukata. Mkasi ulifunga vizuri mara ya kwanza. Kuufungua tena ndiko kulikomshinda: gumba lilikunjika nyuma kwenye kiungo chake cha chini, kifundo cha mkono kikaelemea upande wa kidole cha mwisho, mwishowe akautanua kwa mkono wa kushoto. Kipande kisichozidi urefu wa kidole kilimchukua karibu dakika nzima. Januari yote, msimu wa sare za shule, alikuwa amewarudisha wateja. Mimi nilikuwa nimetazama mkono, na shida ilikuwa kwenye mkasi.

Tangu siku hiyo droo yangu ina kufuli na ufunguo wake, shati la vifungo vidogo, sufuria ya lita mbili, pakiti ya maziwa, na sarafu za shilingi moja, tano, kumi na ishirini. Mgonjwa akikaa, ngumi simwombi kwanza. Namwambia afungue kufuli.

Sasa swali lako la kwanza. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 260, inaeleza ulemavu kwa upana: hali yoyote ya mwili, ya hisi, ya akili au nyinginezo, na ugonjwa pia umetajwa, ikiwa inaathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kawaida za kila siku. Hakuna mahali paliposema mkono sharti uwe umepinda. Kipimo kilichowekwa hapo ni shughuli za kila siku, na barua yako haina kitu kingine ndani yake isipokuwa shughuli za kila siku. Kwa hiyo ndiyo, huu unaweza kuwa ulemavu, na una haki ya kupimwa kwa namna inayouona.

Unapimwa na nini? Kwa wagonjwa wa viungo, chombo kinachotumika sana duniani ni fomu ambayo James Fries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliichapisha 1980. Kwa kifupi huitwa HAQ. Ina maswali 20 yaliyogawanywa katika makundi 8: kuvaa na kujitengeneza, kuinuka, kula, kutembea, usafi wa mwili, kufikia vitu, kushika, na shughuli za nje na za nyumbani. Unaulizwa kuhusu wiki iliyopita, wala si leo tu, na hapo ndipo inapoishinda ile ngumi ya saa tano. Kila jibu lina alama: 0 bila taabu, 1 taabu kidogo, 2 taabu kubwa, 3 siwezi kabisa. Katika kila kundi huchukuliwa alama kubwa kuliko zote, kisha zile nane zinajumlishwa na kugawanywa kwa nane.

Kuna kanuni moja ndani ya fomu hiyo ambayo watu wengi hawaijui, nayo inakuhusu sana. Ukisaidiwa na mtu, au ukitumia kifaa, alama ya kundi hilo haiwezi kuwa chini ya 2. Wanawake wa mtaani kwetu huniambia "kuvaa navaa tu", na ukiuliza zaidi unakuta kuna mtoto anayefunga vifungo. Huko si kuvaa bila taabu. Nimejaribu kuijaza kwa maneno ya barua yako, na pale ulipokaa kimya nimekisia taabu kidogo: kuvaa 2 kwa sababu ya binti yako, kuinuka 1, kula 1, kutembea 1, usafi 1, kufikia 2, kushika 3 kwa sababu ya bomba, shughuli 2. Jumla 13, ukigawanya kwa nane ni 1.625. Mtu wa kiwango hicho yumo katika kundi la ulemavu wa wastani hadi mkubwa. Kipimo cha barua si kipimo halali, usikipeleke popote, lakini uone jinsi siku yako inavyogeuka kuwa namba.

Fomu hiyo iliandikwa kwa nyumba za Marekani. Inauliza kuhusu beseni kubwa la kuogea na mlango wa gari. Maswali yake siyabadilishi, maana yakibadilishwa alama hazilinganishwi tena na za mwaka jana, lakini pembeni naandika yangu: mtungi wa lita 20, kukamua nguo, kushika chuma cha mlango wa matatu huku kondakta anagonga bodi. Ajabu ni kwamba swali moja linafanana na letu kabisa. Linauliza kama unaweza kushusha kitu cha uzito wa pauni tano kilicho juu ya kichwa chako, mfano mfuko wa sukari. Hiyo ni kama pakiti yetu ya kilo mbili, ile unayoitazama mpaka mtoto atoke shule.

Nguvu za kushika nazipima kwa mashine ya presha. Sihitaji chombo cha bei. Naukunja ule mkanda wa mkononi uwe kama mkate mdogo, naujaza upepo hadi sindano isimame kwenye 20, kisha mgonjwa anauminya mara tatu na mimi natafuta wastani. Naandika na saa. Mkono wa saa mbili asubuhi na mkono wa saa nane mchana ni kama wa watu wawili.

Halafu kuna jambo la chama. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wa kueleza ulemavu ambao hauishii kwenye kiungo. Unauliza mwili ukoje, mtu anafanya nini, anashiriki wapi na wenzake, na mazingira yanamsaidia au yanamzuia. Ngazi za ghorofa ya nne ni mazingira. Kuacha chama ni kushiriki kulikokatika, na ni sehemu ya ulemavu wako sawasawa na kidole kilichovimba. Usione haya kulitaja mbele ya timu inayopima ulemavu. Kati ya yote uliyoandika, hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwa siku saba, binti yako akuandikie kwenye daftari: umeamka saa ngapi, vidole vimelegea saa ngapi, nani amekufungulia nini, ulishindwa kitu gani. Piga picha za mikono asubuhi ukiwa na simu. Rudi hospitali ya serikali inayofanya tathmini, siku ile timu inapokaa, uombe upimwe upya na mtaalamu wa tiba ya shughuli awepo. Beba barua ya kliniki inayotaja ugonjwa, tangu lini, na dawa unazotumia. Beba na kisu chako cha kukatia sukuma, waone unavyokishika. Ripoti ikikubaliwa, ndipo unaposajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi.

Kadi hata hivyo haitakata sukuma. Ukifika kwa mtaalamu, mwambie wazi unataka mikono kwa kazi gani, kwa sababu mpango wa tiba unaanzia hapo. Kwa kazi yako mimi ningeanza na kisu. Mpini mwembamba unakulazimisha kubana vidole. Uviringishe kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, mpaka unene ufikie mahali vidole vinashika bila kukutana na kiganja. Meza iwe ya urefu wa kiwiko, ukate ukiwa umekaa kwenye kiti kirefu. Majani yakunjwe kwa kiganja, yasibanwe kwa ncha za vidole. Maji uyachote kwa vidumu vya lita tano, ubebe kikapu mkononi karibu na kiwiko. Mwombe mwenye ploti aweke bomba la mpini mrefu linalosukumwa hata kwa kisigino cha mkono. Usiku na saa za kazi nzito, banzi la kifundo cha mkono litapumzisha kiungo. Na usiku ule wa saa nane, kabla ya kushika chochote, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu ukivifungua na kuvifunga vidole ndani ya maji. Wengine wamepata nusu saa zaidi ya usingizi kwa njia hiyo tu.

Julai nayo inakuja, na majirani watakuambia ni baridi ya Nairobi iliyokuletea. Baridi huongeza kukakamaa. Ugonjwa haikuleta yenyewe.

Mimi ni mlinzi wa geti, Eneo la Viwanda, miaka 51. Kliniki wanasema nimepoa: damu iko vizuri, na viungo 28 walivyohesabu havina uvimbe. Lakini nikivua viatu vya kazi jioni siwezi kukanyaga sakafu. Nikisema hivyo wananitazama kama nadanganya. (Baba wa Wanne, Mukuru)

Hudanganyi, ndugu yangu. Katika ile hesabu ya viungo 28 kuna mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Nyayo na vifundo vya miguu havimo. Hesabu hiyo inafaa kufuatilia ugonjwa na dawa, lakini mtu anaweza kuonekana amepoa juu yake huku miguu inawaka.

Jambo la pili ni kwamba dawa huzima uvimbe, lakini mfupa ulioliwa au kiungo kilichohama hakirudi mahali pake kwa dawa. Huo ni ulemavu uliobaki baada ya moto kuzimika, na tiba yake ni nyingine. Usiache dawa kwa sababu hiyo. (Kama mojawapo ni methotrexate, kumbuka ni mara moja kwa wiki. Nimeona watu walioimeza kila siku kwa kutoelewa, na ni hatari kubwa.)

Siku ya kliniki, vua viatu na soksi kabla hujaulizwa. Onyesha sugu zilizo chini ya mzizi wa vidole, hapo panapohisi kama unakanyaga kokoto. Omba upimwe mwendo: muda unaotumia kutembea umbali uliopimwa, na dakika unazoweza kusimama. Viatu vyako vya kazi huenda vina pua nyembamba; unahitaji vyenye nafasi mbele na soli ngumu iliyoinuka kidogo kwenye ncha, na ndani kitandiko chenye kinundu laini nyuma ya mzizi wa vidole. Hospitali kubwa za umma zina karakana ya viungo bandia na viatu. Hapo ndipo kitandiko hutengenezwa. Kisha omba barua moja kwa mwajiri: kiti pale getini. Zamu ya saa 12 ukiwa umesimama si kazi ya miguu hiyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kasarani. Nyumbani najiweza: naoga, navaa, nakula mwenyewe. Kazini ndiko ninakofia. Chaki inaanguka, vitabu 60 vya kusahihisha vinanikesha, na darasa langu liko orofa ya pili. Naogopa kupimwa, kwa sababu nikiandikishwa kuwa na ulemavu si nitaondolewa kazini? Na daraja langu la ulemavu ni lipi? (Mwalimu)

Mwalimu, umejipima vizuri kuliko fomu nyingi ninazopokea. Kuna madaraja manne yanayotumiwa na madaktari wa viungo, yaliyorekebishwa Marekani 1991. Daraja la kwanza, mtu anafanya yote. La pili, anajihudumia na kazi anaifanya, ila michezo na mambo anayoyapenda yamepungua. La tatu, anajihudumia, lakini kazi inamshinda kwa sehemu. La nne, hata kujihudumia kunamshinda. Kwa maelezo yako uko la tatu. Ni daraja linaloumiza kimya kimya, maana nyumbani na kanisani watu wanakuona mzima.

Kuhusu hofu yako: Katiba, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema vivyo hivyo kwa mwajiri. Sisemi kila mwalimu mkuu anaijua sheria. Nasema ukiwa na ripoti mkononi una kitu cha kusimamia. Bila ripoti, unaonekana mwalimu aliyechelewesha vitabu. Tena, aliyesajiliwa na Baraza na kupewa cheti na KRA, mamlaka ya kodi, hatozwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Hilo lipo tangu agizo la 2010, na cheti huombwa na mhusika mwenyewe; hakuna atakayekuletea.

Usimwombe mwalimu mkuu "anifikirie". Mwombe vitu vinavyoonekana. Darasa la orofa ya chini mwaka huu. Kipini cha chaki, au kalamu nene ya wino na ubao mweupe. Kiti kirefu kando ya ubao. Vipindi vya kuandika sana visifuatane. Wanafunzi wasahihishane mazoezi mafupi huku ukisoma majibu, nawe ubaki na insha. Ukipeleka orodha ya kazi zako za siku moja, kipindi kwa kipindi, na alama ya maumivu kati ya 0 na 10 kando ya kila moja, mtaalamu yeyote ataandika barua nzuri kwa nusu saa. Kalamu ya kusahihishia nayo inenepeshe: kipande cha sponji na mpira wa kufungia noti, basi.

Mama yetu ana miaka 66, baridi yabisi miaka minane. Tulikubaliana ndugu wote asifanye kazi yoyote. Tumemwajiri msichana wa kazi, mama anakaa tu sebuleni. Lakini mikono inazidi kuwa dhaifu, na amekuwa mnyamavu. Juzi nilimkuta jikoni usiku anajaribu kukanda unga, nikamkemea kwa upendo. Tufanye nini zaidi? (Kifungua mimba, Umoja)

Mwanangu, mlifanya hivyo kwa kumpenda, na ninajua inagharimu. Lakini unaniuliza mfanye nini zaidi, nami nitakuomba mfanye kidogo.

Kiungo kikiwa kimewaka, chekundu, cha moto, kimevimba, kinapumzishwa. Kikishapoa kinahitaji kazi, la sivyo misuli inakonda na kiungo kinakakamaa. Uingereza walifanya utafiti uliochapishwa 2015, wa watu 490 wenye ugonjwa huu mikononi. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono, yakiongezwa polepole na kufanywa nyumbani, walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida, na maumivu hayakuzidi. Kwa hiyo udhaifu unaouona huenda si ugonjwa peke yake. Sebule nayo imechangia.

Mpeleke apimwe, lakini akiulizwa, ajibu yeye. Jambo hili naliona kila wiki kliniki: namuuliza mama kama anaweza kufungua mfuniko, na mtoto wa kwanza ananijibu "hapana, hatumruhusu". Fomu ina nafasi ya "hawezi". Haina nafasi ya "haruhusiwi", na hizo mbili zikichanganywa mama anapata alama za mtu aliye hoi na mpango usiomfaa. Ukiwa chumbani, kaa nyuma yake, mahali asipoweza kukutazama kabla ya kujibu.

Mwulize pia jambo ambalo fomu hailiulizi: ni kazi gani moja angependa kuirudia? Nadhani nalijua jibu, na wewe ulilikuta jikoni usiku. Unga wa chapati uliolainishwa kwa maji ya moto ni mwepesi kuukanda, na joto lake linamfaa. Akande kwa viganja na uzito wa mabega, asisukume kwa ncha za vidole. Akae, bakuli liwe juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Kusukuma chapati kwa kifimbo ni kwa viganja vilivyofunguka, na apumzike kila baada ya chapati tatu, kabla hajachoka. Karai la mafuta na kugeuza amwachie msichana.

Jumamosi hii mpe unga wa vikombe viwili, ukae naye jikoni, na usimpokonye bakuli.